MREJESHO: Pikipiki iliyokuwa inakosa nguvu, tatizo lilikuwa mpira wa dayaframu

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi, ni ile pikipiki niliyosema inawaka vizuri, silensa (mngurumo wa injini bila kuvuta mafuta) imetulia, ila ukivuta mafuta kupita nusu inakosa nguvu kabisa. Asanteni sana wote, hasa aliyeniambia nifungue kofia ya juu ya kabureta nitoe mpira wa dayaframu (ule mpira mwembamba unaoinua slaidi, kipande kinachopanda ili hewa na mafuta zaidi yaingie kwenye injini) niutazame kwenye mwanga, maana mkononi ulionekana mzima ila nilipouinua kwenye taa na kuuvuta taratibu nikaona mpasuko mwembamba kwenye mkunjo, karibu na slaidi. Hapo ndo upepo ulikuwa unavuja, slaidi haipandi.

Ushauri wa kuziba mpasuko kwa gundi nilijaribu kwanza, haikudumu, petroli iliibandua. Nikaweka mpira mpya. Kazi kubwa ni kuufunga, ukingo lazima ukae wote kwenye mfereji wake na kile kisikio (kijipande kilichochomoza kwenye ukingo) kiingie kwenye nafasi yake, mimi nilisukuma slaidi juu kidogo kwa kidole ndo ukingo ukatulia, kisha springi na kofia bila kubana mpira. Na jamani msiuloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, utavimba na kofia haitakaa.

Sasa inavuta mpaka mwisho, safi sana. Kilichobaki ni kusitasita asubuhi injini ikiwa baridi, kurekebisha skrubu ya hewa kumepunguza ila hakujamaliza. Ule mpira unaounganisha kabureta na injini una nyufa, ndo naubadilisha unaofuata. Mbarikiwe sana.