Tupeane uzoefu: nani ameshalizwa pesa na mtu wa kwao akiwa ughaibuni?

Mleta uzi:

Wakuu, habari za majukumu. Jambo hili nimekaa nalo miaka 4. Leo nalitoa kifuani kwa sababu wiki iliyopita limemkuta binti mwingine kwa mtindo uleule, na nimeumia kuona kwamba ningesema mapema labda angesalimika. Naomba tupeane uzoefu: nani ametapeliwa na mtu wa kwao ugenini? Majina ya watu tusitaje, tuseme walivyofanya.

Naanza mimi. Nilikuwa na wiki 3 tu tangu nifike. Lugha ya wenyeji sijui zaidi ya salamu, nalala hosteli ya vitanda 8 chumba kimoja, begi nalifunga mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Siku hiyo nimekaa kwenye treni, nasikia nyuma yangu mtu anaongea na simu kwa lugha ya nyumbani. Aliyewahi kukaa mji wa watu peke yake anajua sauti ile inavyomfanya mtu. Niligeuka nikamsalimia hata simu hajaikata. Nikamwita kaka, akaniita mdogo wangu, na tahadhari yote niliyotoka nayo nyumbani ikaishia pale.

Niwe mkweli, alinisaidia. Alinipeleka kufungua akaunti benki. Nilipougua alinisindikiza hospitali, akakaa na mimi kwenye benchi kwa muda wa saa 5 akinitafsiria, na hakudai hata nauli. Kwa hiyo aliponiambia kuna chumba anakopanga yeye, kinatakiwa dhamana ya miezi 2 na kodi ya miezi 3 mbele, sikuomba kumwona mwenye nyumba. Ningeanzaje? Ingekuwa ni kumwambia mwizi mtu aliyenishika mkono nikiwa na homa.

Nikatoa. Ilikuwa karibu yote niliyokuja nayo, na nusu yake ni mkopo ambao mama aliuchukua kwa jina lake. Akanipa ufunguo, na ufunguo ulifungua mlango. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kwenye sanduku la barua kule chini kulikuwa na jina nisilolijua, na juu yake kipande cha karatasi chenye jina la kaka kimebandikwa kwa selotepu. Akanipa kipande kingine, akasema, "Andika lako ubandike hapo juu, ndivyo wanavyofanya huku." Nikabandika. Siku ya 19 akaja mtu wa kampuni inayosimamia jengo. Alisimama mbele ya lile sanduku akaanza kubandua karatasi kwa ukucha, kwanza yangu, kisha ya kaka, mpaka likabaki jina lililochapwa. Mwenye jina lile ndiye mpangaji halali. Alikuwa amesafiri, na kaka aliachiwa ufunguo ili amwagilie maua.

Simu yake haikupatikana tena. Nilipewa siku 3 nitoke. Kinachoniuma zaidi kuliko pesa ni nilichofanya baada ya hapo: nilinyamaza. Nyumbani nilisema nimehama kwa sababu chumba kilikuwa na unyevu.

Dada wa Zamu ya Usiku:

Pole sana mdogo wangu. Hapo uliposema alikusaidia kweli umenigusa. Wengi wakisimulia wanamfanya tapeli awe shetani tangu siku ya kwanza, halafu msikilizaji anajiambia "mimi ningemjua". Usingemjua.

Wangu alikuwa kijumbe wa upatu, yaani anayekusanya pesa na kuzigawa. Tulikuwa wanawake 12 pamoja naye, wote wa kwetu, kazi zetu usafi na kulea wazee. Kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi sawa, mmoja anabeba chote. Upatu wenyewe sina ugomvi nao. Wahamiaji dunia nzima wanaishi nao: Wameksiko wanauita tanda, watu wa Karibi susu, Wachina hui. Benki ya ugenini haikujui, kwa hiyo ule ndio mkopo wako usio na riba. Lakini uangalieni vizuri. Anayepokea mwanzo ni mdeni, anayepokea mwisho ni mkopeshaji, na kinachomfunga mtu ni aibu tu. Mimi nilikuwa namba 11, maana yake nilikuwa nawakopesha karibu wote.

Namba 1 alikuwa kijumbe mwenyewe. Mwezi wa 8 akatuambia mwenye zamu ameomba asogezwe mbele, zamu inakwenda kwa mwenzetu aliyefiwa. Mwezi wa 9 wimbo ukawa uleule, mfiwa mwingine. Tukatoa na pole juu yake. Mwezi wa 10 tulimpa kama kawaida, na kesho yake hakuonekana kazini wala alikopanga. Tulipokutana wote 11 ndipo tulipogundua kwamba hatujawahi kukaa chumba kimoja. Yeye alitujua wote, sisi kwa sisi hatukuwa hata na namba za simu. Tulifungua madaftari mezani, tukahesabu: mizunguko 3 haikumfikia yeyote, na wale wawili "waliofiwa" walikuwa wamekaa pale pale wanatuangalia, hawajafiwa na mtu.

Leo bado nacheza upatu. Lakini kila anayetoa anatuma kwa njia ya benki moja kwa moja kwa mwenye zamu, na kikundi cha simu tumo wote.

Yule kijumbe ndiye aliyekuwa anakuja kumwogesha mwanangu nilipojifungua, kila asubuhi kabla hajaenda kazini. Mpaka leo sijui ile mikono yake niiweke wapi moyoni.

Mzee wa Boksi:

Mimi ni ya kutuma pesa nyumbani. Takwimu za Benki ya Dunia za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba kutuma dola 200 kuvuka mpaka kunaliwa wastani wa karibu asilimia 6, na Umoja wa Mataifa unataka iwe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Ukituma kila mwezi, pesa hiyo inauma. Ndipo akatokea mtu wa kwetu: nipe hapa, mdogo wangu atampa mkeo kulekule, makato hakuna. Mara 6 pesa ilifika ndani ya saa moja. Mara ya 7 nilimpa ya kiwanja, akiba ya miaka 3 ya kubeba boksi. Haikufika, na yule mdogo wake naye simu ikazimwa. Nikamwambia mke wangu, hakunilaumu. Alisema tu, "Sasa watoto tusiwaambie." Walikuwa wameshachora nyumba kwenye karatasi.

Msomaji Kimya:

Sijawahi kuandika hapa, nasoma tu na kupita. Leo nimeshindwa kupita.

Wakati huo sikuwa na karatasi za ukaazi. Kulikuwa na mama mmoja wa kwetu anayeheshimika sana, kila mgeni akifika anaambiwa nenda kwa mama fulani atakutafutia kazi. Akanitafutia kweli, kulea bibi mmoja mgonjwa. Mshahara wa kwanza wote ulikuwa wake. Baada ya hapo kila mwezi sehemu ya tatu, akiiita shukrani. Niliona ndivyo dunia ilivyo. Miaka baadaye dada mmoja wa msaada wa kisheria ndiye aliyenionyesha kwamba upo Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, na ibara ya 7 inasema wakala wa ajira hatakiwi kumtoza mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Si nchi zote zimeuridhia, lakini kuona tu kwamba kuna watu walikaa wakaandika hivyo, nililia.

Nilipomwambia mama yule kwamba nataka kuacha kutoa, hakupandisha sauti. Tulikuwa mlangoni kwake, baridi kali, akanifungia kifungo cha juu cha koti kama mama anavyomfungia mtoto, akasema, "Mwanangu, unajua mimi najua unapolala." Nilitoa miezi 14 mingine.

Watu wanauliza kwa nini hukwenda polisi. Mtu asiye na karatasi akimshtaki mtu, wa kwanza kuulizwa kitambulisho ni yeye. Mama yule alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu na yeye aliwahi kuishi hivyohivyo.

Mleta uzi:

Msomaji Kimya, nimesoma habari ya kifungo mara 3. Asante kwa kuandika.

Fundi:

Nimewasoma wote jana, sikulala. Mimi nilikuwa upande wa pili, ila si kwa kupenda.

Mtu wa kwetu alikuja na mradi, unaweka pesa unapata asilimia 10 kila mwezi. Miezi 3 nililipwa bila kuchelewa. Nikafurahi, nikawaita wengine. Mimi hapa, kwa mdomo wangu, nikiapa kwamba nimeona kwa macho yangu. Niliingiza watu 9, mmoja ni shemeji yangu. Pesa waliyoweka wao ndiyo iliyokuwa inanilipa mimi, na mwezi wa 6 jamaa akatoweka.

Baadaye nilitafuta kuelewa nimefanywa nini. Charles Ponzi, ambaye utapeli huu unaitwa kwa jina lake, alikuwa mhamiaji wa Kiitaliano. Mwaka 1920 kule Boston aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na wengi waliompelekea akiba zao walikuwa wahamiaji wa Kiitaliano kama yeye. Kabla ya hapo alifanya kazi Montreal katika benki ya Mwitaliano mwingine, Zarossi, iliyofunguliwa kuwahudumia Waitaliano wageni na kuwaahidi riba kubwa. Ikaanguka, mwenyewe akakimbilia Meksiko. Kumbe ni zaidi ya miaka 100 mgeni anamla mgeni mwenzake kwa njia ileile. Mtu wa kwenu hahitaji kukushawishi sana. Anahitaji mmoja tu anayeaminika, halafu huyo ndiye anayewashawishi wengine. Kwetu mtu huyo alikuwa mimi.

Sheria hainidai. Lakini wale 9 waliniamini mimi, yule jamaa hawakumjua. Nimekuwa nikiwarudishia kutoka kwenye mshahara wangu mmojammoja. Nimemaliza 6, wamebaki 3. Shemeji amesema nimwache wa mwisho.

Mama Risiti:

Fundi, Mungu akupe nguvu. Wengi wenye hatia kamili hawajafanya nusu ya hilo.

Mimi nimeleta habari njema kidogo, yangu niliipata. Nilimkopesha kaka mmoja wa kwetu kwa mkono, bila maandishi. Akaanza kunikwepa. Badala ya kugombana, nilimwandikia WhatsApp kwa upole: kaka, ile pesa niliyokukopesha tarehe fulani, kiasi fulani, utanirudishia lini? Akajibu, "Nivumilie dada, mwezi ujao nakamilisha yote." Mstari huo mmoja ndio ulionirudishia pesa. Kiasi na tarehe viko kwenye swali langu, na jibu lake limeukiri mkopo. Ningemtukana asingejibu kitu.

Nchi nyingi zina mahakama ya madai madogo, unaingia bila wakili. Wangu alikuwa ameshahamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, na hata hapo kuna utaratibu wa madai madogo ya kuvuka mpaka, isipokuwa Denmark haimo. Tangu 2017 kiwango cha juu cha madai kimefika euro 5,000. Kesi inakwenda zaidi kwa maandishi, fomu unajaza mwenyewe, na mimi nilijaza jikoni usiku baada ya watoto kulala.

Kazi kubwa haikuwa fomu. Kazi ilikuwa simu za watu wetu. Wakubwa wakanipigia: unampelekaje mtu wa kwetu kwa wenyeji, unatuaibisha. Nikawauliza, alipokuwa anakula pesa ya ada ya wanangu, nani alimpigia? Wawili wakakata simu. Mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akasema na yeye anamdai. Kumbe alikuwa amenyamaza miaka 2, kwa aibu, huku akinikemea mimi nisiseme.

Mleta uzi:

Mama Risiti, hapo ndipo penyewe. Tumelizwa kila mtu chumbani kwake.

Niwajibu walioniuliza kuhusu yule binti. Alitapeliwa dhamana ya chumba, mtu wa kwetu, ufunguo unaofungua mlango, kila kitu. Nilimuuliza kuhusu sanduku la barua. Akanionyesha picha kwenye simu yake: karatasi 3, moja juu ya nyingine, ya juu kabisa ina jina lake. Mwandiko wa ile ya katikati naujua.

Kesho saa 4 asubuhi tunakwenda naye polisi. Nimebeba picha yake na ile stakabadhi yangu ya mkono ya miaka 4 iliyopita, ambayo sikuwahi kuitupa. Binti karatasi zake ziko sawa, na zangu pia siku hizi. Kama kuna mwingine aliyewahi kuambiwa abandike jina lake juu ya la mtu, aniandikie leo kabla hatujaenda.