Tupeane uzoefu: kukata nakshi za mbao kwa skrolisoo, wadau wa Dodoma na jirani

Mwanzisha uzi, Ilazo

Habari zenu wadau. Wengi wetu Dodoma tumeletwa na kazi. Jioni ukishashuka kwenye gari la kutoka Mtumba, kwenye ofisi za serikali, familia iko mkoa mwingine na ndugu wa kumtembelea huna. Mimi jioni zangu nimezipa skrolisoo, na sijapata burudani nyingine inayonituliza hivi, ndiyo maana nimeona nifungue uzi tuzungumze.

Kwa asiyeijua, ni mashine ndogo ya kukaa juu ya meza. Ina bledi nyembamba mno, urefu wake inchi 5, inayopanda na kushuka palepale huku wewe ukiuzungusha ubao kufuata mchoro. Jigisoo, ule msumeno wa umeme wa mkononi, unaishika na kuipeleka kwenye ubao. Hapa ubao ndio unaopelekwa kwenye bledi, na mikono yote miwili iko huru kuuongoza. Ndiyo maana unaweza kukata jani la mzabibu na meno yake yote, au jina la mtoto kwa mwandiko wa kuunga.

Inafaa kabisa kwa chumba cha kupanga. Kelele zake ni ndogo ukilinganisha na randa ya umeme, na haili LUKU: yangu ni ya wati 90, kwa hiyo uniti moja inaisha baada ya kama saa 11 za kukata. Mbao sinunui, nachukua masalia kwa mafundi wa vitanda na makabati.

Nianze na jambo moja ambalo wanaoanza wengi hawaambiwi. Bledi hizi kiwandani huwekewa meno kwa kubanwa au kusagwa, na upande mmoja wa meno hubaki na ukali kidogo kuliko mwingine. Kwa hiyo ukisukuma ubao moja kwa moja mbele, mstari unakimbilia upande. Bledi si mbovu na mkono wako hauna tatizo. Unageuza ubao kidogo pembeni, unasukuma kwa mshazari, na ukishaijua pembe yake, mkono unazoea. La pili ni kuikaza. Ikishakazwa, iguse kwa kidole kama mpiga zeze anavyogusa uzi: ikilia mlio wa juu, safi, iko tayari. Ikilia kwa uzito, itapinda ndani ya ubao na ukuta wa mkato utatoka umelala.

Karibuni. Mlianzaje, mnatumia mbao gani, na bledi mnapata wapi?

Fundi wa Chang'ombe

Uzi mzuri mkuu. Mimi seremala wa milango, skrolisoo naitumia kwa raha zangu kazi zikiisha. Niongelee mbao kwa sababu hapo ndipo watu wanapokatishwa tamaa.

Mninga ndio rafiki. Unakatika vizuri kona zote, rangi inang'aa ukiupaka mafuta, na masalia yake hayakosekani kwa fundi yeyote wa samani. Mkongo ni mgumu, bledi inapata moto na ubao unaungua pembeni. Ukiutaka, punguza kasi na uwe na subira. Mtiki unadanganya: unaonekana laini, lakini una chembechembe za silika, ile iliyomo kwenye mchanga, na bledi inakuwa butu mapema. Paini za Sao Hill ni rahisi kupata, ila nyuzi zake zina pete laini na pete ngumu zikipishana, kwa hiyo bledi inateleza kwenye laini na kukwama kwenye ngumu. Kwa anayejifunza napendekeza plaiwudi ya milimita 6 isiyo na mapengo katikati. Itazame ubavuni kabla hujalipa.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Tangu Mei mpaka Novemba hapa ni kukavu na upepo hauishi. Ubao mbichi ukiuacha wazi unapasuka vichwani. Paka ncha zote mbili rangi au nta, uweke kivulini mbali na upepo, ukauke taratibu. Mwarobaini unaopogolewa mitaani unafaa sana kwa vitu vidogo, lakini usipoukausha hivyo unapindika wote.

Na barakoa tafadhali. Vumbi la mpingo linawatoa watu vipele, na la mkongo linawasha pua. Msijifungie chumbani na vumbi.

Mdau Nkuhungu

Nafuatilia uzi huu kwa karibu. Nina swali: shemeji yangu yuko Marekani, anataka kunitumia mashine. Itafanya kazi huku?

Mwanzisha uzi, Ilazo

Mdau Nkuhungu, za kule zinatengenezwa kwa volti 120, huku tuna 230. Utahitaji transfoma ya kushusha. Pia umeme wao ni hezi 60, wetu 50, kwa hiyo mashine ya kasi moja itazunguka taratibu zaidi, kama moja ya sita hivi. Bado itakata. Lakini mwambie shemeji badala ya mashine akutumie bledi, hazina uzito wowote na ndizo adimu. Mashine tafuta ya volti 230 hapahapa nchini.

Mwalimu, Kongwa

Mimi nafundisha shule ya msingi. Niliingia huku kwa ajili ya somo la jiografia, nikabaki kwa sababu nimeipenda.

Nilichapa ramani ya mkoa wa Dodoma stesheneri, nikaibandika kwenye plaiwudi, nikakata wilaya moja moja: Bahi, Chamwino, Chemba, Dodoma, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa. Vipande saba ndani ya fremu moja, kila wilaya na rangi yake. Watoto wanaipanga na kuipangua mpaka kengele inalia. Mtoto akishika Chemba mkononi na kutafuta inapokaa, anagundua mwenyewe kwamba inakaa chini ya Kondoa, na hilo halisahau tena. Nina mwanafunzi mwenye uoni hafifu, anasoma ramani ile kwa vidole. Siku ya kwanza alipitisha kidole kwenye mpaka wa Mpwapwa wote, kona kwa kona, akauliza huko nje ya mpaka kuna nini. Nikamwambia Morogoro na Iringa. Sasa ninakata mikoa hiyo.

Kwa anayetaka kujaribu: kwa kazi ya vipande vya kupanga tumia bledi nyembamba, namba 1 au 2, ili pengo kati ya kipande na kipande liwe dogo. Bledi nene inakula mbao na wilaya zinalegea kwenye fremu. Kabla ya kubandika mchoro, funika ubao kwa ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi, kisha gundi uipake juu ya tepu. Ukimaliza unavuta tepu na karatasi yote inatoka nayo, ubao unabaki msafi. Ukipiga msasa karatasi iliyogandia kwenye mbao utajuta.

Mstaafu wa reli, Dodoma mjini

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Msiwatishe wenzenu kwamba bila mashine haiwezekani. Mimi sina mashine mpaka leo.

Natumia msumeno wa upinde wa mkono, ule wenye bledi kama hizo zenu. Kinachotakiwa ni ubao mdogo wa kuegemea. Chukua kipande cha mbao cha upana wa kiganja, upande mmoja kata tundu la herufi V, kisha kifunge kwa klampu kwenye meza, lile V likitokeza nje. Kazi inalala juu ya V, bledi inapita katikati yake. Meno ya bledi yaelekee chini, yaani msumeno unakata unapouvuta chini na unapumzika ukipanda. Kaeni kwenye kigoda kifupi ili kazi iwe karibu na kifua, na msumeno usimame wima. Ukiulaza, mbele mchoro utakuwa sawa lakini nyuma utakuwa umepotoka.

Kwa njia hii nimekata treni nzima kwa ajili ya wajukuu, kichwa na mabehewa, na sasa wananidai treni ya umeme. Umeme ukikatika mimi naendelea na kazi dirishani.

Mwanzisha uzi, Ilazo

Shikamoo mzee wangu. Hii ya V ni elimu kubwa. Naomba wote mnaosema "sina mtaji" msome posti ya mzee mara mbili.

Mama wa Mpwapwa

Marahaba kwa wadogo, shikamoo mzee wa reli. Mimi ni mshonaji, na michoro yangu yote naitoa kwenye khanga.

Nachukua khanga ya zamani, naitandaza mezani, naweka karatasi ya kupitisha mwanga juu ya pindo, nafuatisha kwa penseli. Ule mchoro wa korosho ndio naupenda zaidi. Una tumbo, una mkia uliojikunja, na ndani yake kuna maua madogo. Ila khanga imechapwa, haikukatwa, kwa hiyo huwezi kuihamisha hivihivi kwenye mbao. Ua lililo katikati ya korosho halijashikana na chochote, ukikata kulizunguka linadondoka. Inabidi ukae na penseli uliwekee madaraja, vijishina vyembamba vya kulishikilia, na uviweke mahali ambapo jicho litaviona kama majani. Mimi hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwenye kukata. Nachora, nafuta, nachora tena, mpaka nione kila kipande cha ndani kimeshikwa angalau sehemu mbili.

Kisha natoboa kwa drili tundu dogo kwenye kila sehemu itakayotolewa. Bledi unaifungua juu, unaipitisha kwenye tundu, unaifunga tena, unakata, unaifungua. Kazi moja ya pindo ina matundu mengi sana, lazima uwe mtu wa kutulia. Anza na ya ndani yote, mstari wa nje uwe wa mwisho, kwa sababu ubao ukiwa bado mzima una nguvu na una mahali pa kushika.

Nimeweka pindo hilo juu ya madirisha ya sebuleni. Jua la asubuhi likiingia, korosho zote zinalala sakafuni. Wageni wakija wananyanyua vichwa kabla hawajakaa. Sasa nimepata oda ya kanisa, wanataka mizabibu kwenye mimbari, na ya jirani yangu anayetaka maneno ya khanga yenyewe yakatwe herufi kwa herufi.

Wanawake wenzangu, funga khanga kiunoni vizuri na nywele uzifunge. Bledi ni nyembamba lakini haichagui.

Mdau wa Kondoa

Mama wa Mpwapwa, umenifungua macho kwa hayo madaraja. Mimi naishi jirani na Kolo, kwenye michoro ya miambani iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Wale watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu wanafaa sana kwa skrolisoo, maana tayari ni vivuli, umbo moja lisilo na vipande vya ndani. Nawakata kwenye mninga na kuwabandika kwenye ubao mweupe wa paini. Mchoro nachora mwenyewe kwa macho nikiwa nimesimama mbali na mwamba. Tafadhali mtu asiweke karatasi wala mkono juu ya ile michoro, inafutika na hakuna wa kuirudisha.

Kuhusu kumalizia, vanishi nimeiacha. Natumia nta ya nyuki kutoka kwa warina asali wa Manyoni. Naiyeyusha juu ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, nachanganya na mafuta ya kitani, ikipoa inakuwa laini unaipaka kwa kitambaa. Inaingia kwenye vikona ambavyo brashi ya vanishi ingejaza matone. Vitambaa vyenye mafuta hayo vianikeni vimetandazwa mpaka vikauke, msivikunje na kuvitupa kwenye kona, vinaweza kushika moto vyenyewe.

Kijana wa Nzuguni

Wakuu, nimepata skrolisoo iliyotumika kwa mtu lakini bledi nilizouziwa dukani haziingii. Zina vijipini vilivyokatiza kwenye ncha.

Fundi wa Chang'ombe

Hizo ni za pini. Angalia vishikio vya mashine yako: vyenye ndoano hupokea za pini, vyenye skrubu hupokea zilizo bapa. Kama yako ni ya skrubu, kata pini kwa koleo na bledi itabana, mradi urefu wake haujapungua. Ila kwa nakshi za ndani tafuta zilizo bapa, maana pini inahitaji tundu kubwa ndipo ipite, na kwenye maua ya Mama wa Mpwapwa tundu kubwa halina nafasi.

Mwanzisha uzi, Ilazo

Nakazia. Na kwa kuwa bledi ndiyo shida ya wengi, nimeongea na mtu wangu Kariakoo, anaweza kuagiza zilizo bapa za inchi 5 kwa pakiti, tukijikusanya. Namba 1 kwa vipande vya kupanga, namba 3 kwa plaiwudi na nakshi, namba 5 na 7 kwa mninga mnene. Nitaomba zenye meno machache ya chini yaliyogeuzwa kuelekea juu, zinazuia plaiwudi kuchanika kwa nyuma. Andikeni hapa namba na pakiti mnazotaka kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee wa reli, zako nitakuletea mwenyewe, na naomba siku hiyo niuone huo ubao wa V.