Mteja anataka nihariri tafsiri ya mashine kwa senti 3 kwa neno. Nikubali?

Mtafsiri wa Tanga: Wakuu, naomba ushauri. Natafsiri fomu za ridhaa na madodoso ya utafiti wa afya, Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa senti 8 za dola kwa neno. Sasa mteja anataka kila kitu kipite kwenye akili mnemba kwanza, mimi nisahihishe tu, kwa senti 3. Maneno 12,000 yanasubiri. Natanguliza shukrani.

Kalamu Nyekundu: Mkuu, usimjibu kabla hujapima. Omba sampuli ya maneno 500 iliyokwisha kupita kwenye mashine, itoke katikati ya waraka maana mwanzo huwa mwepesi. Ihariri huku simu ikihesabu dakika. Ikikuchukua dakika 50, kasi yako ni maneno 600 kwa saa, yaani dola 18. Ukitafsiri mwenyewe maneno 310 kwa saa kwa senti 8, unapata karibu dola 25. Kwa hiyo chini ya senti 4.2 unakula hasara. Anzia 5.

Muulize pia anataka uhariri wa aina gani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 18587 cha mwaka 2017 kinahusu uhariri kamili: kazi itoke kama iliyotafsiriwa na binadamu. Uhariri mwepesi ni wa kueleweka tu, na kwa fomu ya ridhaa haufai hata kidogo. Mtu anatia saini kuhusu mwili wake.

Bi Sarufi: Bei sawa, ila hatari yenyewe ni makosa yanayosomeka vizuri. Kiswahili cha mashine siku hizi kinateleza, jicho linapita tu. Anza na saa. "8 a.m." huachwa "saa 8 asubuhi", na mshiriki aliyetakiwa kufika saa 2 asubuhi anatokea mchana, kliniki imeshamaliza kupima. Tafuta kila tarakimu, moja moja.

Halafu ngeli: "Vipimo vya damu ya mshiriki itachukuliwa." Kitenzi kimefuata "damu" badala ya "vipimo", ni "vitachukuliwa". Sentensi ikirefuka, hapo ndipo mashine inapopotea. "Trial" nayo huwa kesi ya mahakamani badala ya majaribio ya dawa. Na soma kila ukanushi mara mbili: "si lazima ushiriki" ikipoteza "si", fomu nzima imeharibika.

Soma Kiswahili peke yake kwanza, ndipo ulinganishe na Kiingereza. Ukianza na Kiingereza, akili yako itaziba mapengo.

Mwana Pwani: Usibandike waraka wa mteja kwenye huduma ya bure bila idhini ya maandishi. Dodoso lililojazwa lina taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inazihesabu kuwa nyeti.

Mtafsiri wa Tanga: Asanteni sana. Na akigoma senti 5?

Kalamu Nyekundu: Mtoze kwa saa. Maneno 12,000 kwa kasi ya 600 ni saa 20, dola 500. Iandikwe kwenye makubaliano kwamba sentensi utakayolazimika kuitafsiri upya italipwa senti 8 zako za kawaida.