Tupeane uzoefu: nani kwao kuna mzee aliyebebeshwa mizigo Vita ya Mjerumani (1914-1918)?

Wakuu habari zenu. Hii kitu imenikaa moyoni muda mrefu nikaona leo niifungulie uzi, maana wazee waliotusimulia nao wanaisha. Vita Kuu ya Kwanza shuleni tulifundishwa kama ugomvi wa Wazungu kule Ufaransa na Ubelgiji, mahandaki, gesi ya sumu, basi. Sasa huku kwetu ilipiganwa miaka minne kamili, kuanzia Agosti 1914 mpaka Novemba 1918, na waliokufa wengi hata bunduki hawakushika.

Kwetu ni Uluguru. Baba yake babu alichukuliwa 1916 pale Mwingereza alipoingia Morogoro. Hakuandikishwa, alichukuliwa, maana walikuja kijijini asubuhi wakahesabu vijana wenye miguu mizima wakaondoka nao. Kila mmoja kapewa blanketi moja, kisahani cha bati chenye namba cha kuvaa shingoni, na mzigo wa kama kilo 25 kichwani. Alirudi 1919. Mimi sikumkuta ila bibi yangu aliolewa kwenye ule mji akamkuta mzee yupo, na kitu alichokuwa ananisimulia bibi mpaka leo nakiona kama nilikuwepo: mzee ugali ukiletwa haanzi kula, anaukata katikati, anainamia anaangalia ndani, akiona unga hata kidogo anausukuma pembeni kimya kimya na jikoni wanajua warudishe sufuria motoni. Bibi alidhani ni ukali wa baba mkwe. Siku moja ndo mzee akamwambia, sisi tulikuwa tunafika kambini usiku, kuni zimelowa mvua, unga wa mahindi umekorogwa tu na maji ya vuguvugu, tukila hivyo hivyo, asubuhi tunaacha wenzetu njiani wanahara damu. Katika waliotoka naye kijijini walirudi wawili.

Nilivyokuja kusoma nikakuta mzee hakuongeza chumvi. Wapagazi wa upande wa Mwingereza waliohesabiwa kufa ni zaidi ya elfu 90, na kilichowaua zaidi ni kuhara, malaria na vichomi, risasi iliua wachache. Sababu ya kutumia vichwa vya watu ni mbung'o, farasi na maksai walikuwa wanakufa kwa maelfu, magari yanazama kwenye tope. Afu kuna hesabu moja mbaya sana humo ndani: mpagazi naye anakula, kwahiyo jeshi likizidi kuwa mbali na reli inabidi waongezwe wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi, na hao nao waongezewe wengine. Ndo maana jumla yao walifika kama milioni moja.

Na lile jina la Kariakoo ni wao. Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, Dar ilipotekwa Septemba 1916 pale pakafanywa kambi yao. Nairobi nao wana Kariokor yao.

Karibuni. Kama kwenu kuna habari hata ya sentensi moja iweke.

Mtanga wa Ngamiani:
Mkuu asante kwa uzi huu. Sisi Tanga tunasimuliwa nyuki. Novemba 1914 Mwingereza kaleta meli toka India na askari kama 8,000, Mjerumani chini ya Lettow-Vorbeck hana zaidi ya 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Wakashukia upande wa Ras Kasone wakaanza kuja mjini kupitia mashamba ya minazi na mpira. Kwenye miti kulikuwa na mizinga ya nyuki, risasi zikaitoboa, nyuki wakatoka wakawang'ata watu wa pande zote mbili. Waingereza baadaye wakadai ni mtego wa Mjerumani, haikuwa mtego, ni mizinga tu ya watu wanaorina asali. Waliondoka wakaacha risasi zaidi ya laki 5 ufukweni, na Mjerumani alizitumia hizo hizo kwa muda mrefu.

Bibi mzaa mama alikuwa anasema mama yake alijificha kisimani siku mbili na mtoto mgongoni, maji yanamfika magotini. Mtoto huyo ndo kaka mkubwa wa bibi. Mpaka anakufa akisikia nyuki anaingia ndani.

Mgogo:
Kwetu Ugogo hii vita hatuikumbuki kwa bunduki, tunaikumbuka kwa njaa. Inaitwa Mtunya. Mjerumani kapita kachukua ng'ombe na mtama, Mwingereza akaja nae akachukua kilichobaki na vijana wa kulima akaenda nao, afu mvua ikagoma. Wataalamu wanasema walikufa watu kama elfu 30.

Mama yake bibi aliwekwa rehani. Naandika hivi nikijua wapo watakaoshangaa ila ndivyo ilivyokuwa, baba yake alimpeleka kwa familia iliyokuwa na akiba akapewa vibaba vinne vya uwele, makubaliano akipata mavuno aje amkomboe. Alikuwa na miaka kama saba. Baba hakurudi, homa ya mafua ya 1918 ilimkuta hana nguvu. Kwahiyo sisi tuna koo mbili, tuliyozaliwa nayo na iliyotulea, na kwenye misiba yetu zote mbili zinakaa mbele. Bibi hakuwahi kuwalaumu waliomchukua mama yake, alikuwa anasema wale ndo waliomlisha.

Mwanzisha uzi:
Mgogo pole sana ndugu yangu. Hapo kwenye vibaba vinne nimesimama kwanza.

Wa Taita:
Mimi niko Kenya, kwetu ni upande wa Voi. Vita hapa ilianza mapema sana, Mjerumani aliishika Taveta katikati ya Agosti 1914 na akakaa humo mpaka Machi 1916. Ile reli ya Voi kwenda Taveta ilijengwa kwa ajili ya hiyo vita. Guka (babu) wa mke wangu, yeye ni Mkikuyu, alikuwa Kariokor, na kile kilimuuma zaidi hakikuwa vita, kilikuwa kurudi. Alirudi akakuta wanajeshi Wazungu waliopigana vita hiyo hiyo wanagawiwa mashamba kwenye ardhi ya watu, na yeye akapewa kipande. Kipande ni karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri, inawekwa kwenye kikopo cha chuma unavaa shingoni, wazee walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Alitoka na kisahani shingoni akarudi akavalishwa kikopo. Na wale ambao walikufa mishahara yao ambayo haikudaiwa haikuletwa kwa wajane.

Machi 1922 Harry Thuku, kiongozi aliyekuwa anapinga hicho kipande, aliposhikwa na watu wakajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi, mzee alikuwa kwa hiyo umati. Alisema nilikuwa nimeona watu wakifa bure miaka mitatu, sikuona cha kuogopa tena. Ndio maana mimi nasema siasa za Kenya zilianzia kwa hao wapagazi, watu wa makabila tofauti walilala moto mmoja, wakafunzana Kiswahili, na wakamwona Mzungu akilia kwa malaria na kuzikwa kama mtu yeyote.

Kutoka Malindi:
Wa Taita umeongea. Na kuna waliokataa. Agriama walikuwa washakataa vibarua vya serikali tangu 1913, Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza, akashikwa akahamishiwa mbali huko magharibi akatoroka akarudi kwa miguu. Agosti 1914 vita imeanza tu, serikali ikalipua Kaya Fungo, boma lao takatifu msituni, kwa baruti. Nyanya yangu hakuwa anasema "1914", anasema mwaka wa kuvunjwa kaya.

Mmakonde wa Lindi:
Kusini ndo palipoungua zaidi na ndo hapasemwi. Mahiwa, Oktoba 1917, siku nne tu, Mwingereza alipoteza watu zaidi ya 2,000 na kati yao kulikuwa na vijana wa Nigeria waliotolewa kwao Afrika magharibi kuja kufa vichakani kwetu. Mjerumani kashinda pale ila kaishiwa, Novemba akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Mzee wetu alikuwa askari wa Mjerumani, akatekwa, na baada ya miezi michache kavaa sare ya Keya (KAR, jeshi la Mwingereza) anawafukuza waliokuwa wenzake. Ndugu zangu vijana walikuwa wanamuuliza ulikuwa upande gani, anajibu nilikuwa upande wa mshahara, nyumbani nina mama na wadogo zangu. Mimi nimemuelewa ukubwani.

Kigoma:
Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, wakuu msiisahau. Ile meli ilitoka Ujerumani vipandevipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma, kwanza ikaitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe Mbelgiji asiipate. Babu mzaa bibi alikuwa kibarua bandarini, alisimulia walivyoipaka mashine grisi nene mikono mpaka kwenye viwiko, kila bomba, afu wanaambiwa sasa tunaizamisha. Alidhani Mzungu kachanganyikiwa. 1927 ikarudi safarini na mashine zinafanya kazi, na yeye akapanda akaenda nayo Kasanga.

Uvira:
Sisi wa Kongo wazee wetu wanaita vita ya Tabora. Walitembea kutoka huku mpaka Tabora, wakaiteka Septemba 1916 chini ya Mbelgiji. Baada ya vita Ubelgiji ikapewa Rwanda na Burundi, Mwingereza akapewa nchi iliyobaki akaiita Tanganyika, Mreno akapata kipembe cha Kionga. Mipaka mnayoiona kwenye ramani leo imekatwa hapo. Baba wa babu yangu hakurudi, alibakia Tabora na mwanamke wa huko. Kama kuna mtu wa Tabora ambaye babu yake aliitwa Mmanyema na akafika na hiyo vita, tuandikiane.

Mtu wa Mwanza:
Nilisimuliwa na mzee mmoja jirani. 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani wa Mjerumani mishahara waliyokuwa wanadai. Wakaitwa Mwanza, wakaja vikongwe kama mia tatu na kitu, wachache ndo wana vyeti, wengine wamekuja na kipande cha sare. Inasimuliwa yule mtu wa benki akawa anampa kila mzee ufagio, anamwamuru kwa Kijerumani ashike silaha kwa gwaride, na hakuna aliyeshindwa. Miaka 46 imepita. Mzee alikuwa ananionesha mwenyewe na fimbo yake uani, anasimama ananyooka mgongo, fimbo begani, macho mbele, afu anakaa anahema. Ila kumbukeni hao ni askari. Wapagazi hawakuitwa.

Mwanzisha uzi:
Hapo Mtu wa Mwanza ndo penyewe. Mimi nimejaribu kulitafuta jina la mzee wetu, nikaenda ofisi moja, wakanizungusha mara tatu, mwisho nikaambiwa wapagazi hawapo kwenye orodha. Na kweli, 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa jina popote. Pale Dar kwenye sanamu ya Askari imeandikwa wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kaburi la mzungu utasoma jina, cheo, na tarehe. Kwahiyo naomba mnaochangia, hapa hapa kwenye uzi andikeni na kijiji alikochukuliwa na mwaka kama mnaujua, nitakuwa nakusanya kwenye daftari.

Handeni:
Nilikuwa nasoma kimya toka asubuhi. Kile kisahani ulichosema, mkuu, nimempigia mama muda huu nikamuuliza. Kasema kipo, kwenye kasha la bibi, watoto tulikuwa tunakichezea tukidhani ni kifuniko cha kitu. Namba zinasomeka tatu za mwisho, mwanzoni pamelika. Jumapili naenda kukipiga picha.