Naomba ushauri: umeme ukikatika pedi za gemu zinabadilishana wachezaji, marekebisho niyatume vipi?

Wakuu, heshima kwenu. Niko Mabatini, Mwanza. Jioni nikitoka kazini huwa naijaribu programu huria ya kuendeshea magemu ya zamani, ile ya menyu inayopakia emuleta (programu zinazoiga mashine za gemu za zamani) za mfumo wa libretro.

Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri ila habu ya USB (kile kifaa cha matundu mengi ninakochomeka pedi, kinachotumia umeme wa ukutani) inazima. Ukirudi, mara nyingine pedi ya mchezaji wa kwanza inakuwa ya pili. Wadogo zangu juzi waligombana hadi machozi, kila mmoja akibonyeza na anayeruka ni mtu wa mwenzake.

Pedi zangu ni zile za bei rahisi. Zote mbili zina namba ileile ya mtengenezaji na ya bidhaa, hivyo programu inafuata tu ipi imetangulia kutambuliwa na Linux, mfumo endeshi wa laptopu yangu. Nimezima na kuwasha habu mara 20, zikageuka mara 7. Nilipotumia git bisect (njia ya kupekua matoleo ya nyuma kutafuta lililoleta tatizo) nikakuta hata toleo la zamani kabisa nililoweza kulijenga lina tatizo hilohilo. Basi nikaandika mistari kama 40 ya msimbo kwa lugha ya C inayokumbuka tundu la USB lenye kila pedi. Hazijageuka tena.

Sasa nimekwama. Msimbo wangu ni wa Linux tu, na Windows sina. Niutume ulivyo, au nifungue kwanza ripoti ya tatizo ili wenye mradi waseme wanataka njia gani? Sitaki kuwapotezea muda, naipenda sana hii programu.

Na je, kuna mwenye Windows na pedi mbili zinazofanana anisaidie kujaribu? Akiwa Mwanza namfuata mwenyewe.