Halmashauri zina fedha ya kila kitu, ikifika zamu ya watu wenye ulemavu "bajeti imebana"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kila mwaka wa fedha ni wimbo uleule. Barabara zina fungu lake, mafuta ya magari ya viongozi yana fungu lake, posho za vikao ndiyo usiseme. Ukifika kwenye ulemavu unakuta mstari mmoja tu: "kuwezesha makundi maalumu". Humo wamerundikwa wazee, yatima, vijana na sisi. Na hicho kidogo kikitoka, kinaishia kwenye maadhimisho ya tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu: mahema, fulana, hotuba, picha. Kesho yake ngazi za ofisi ziko palepale na sisi tuko chini palepale.

Natumia kiti cha magurudumu. Nimeshabebwa mgongoni na watu nisiowajua ili nikasaini karatasi kwenye ghorofa ya ofisi ya umma, huku foleni nzima ikinitazama. Aliyechora jengo lile alilipwa. Aliyelijenga alilipwa. Aliyelikagua na kulipitisha alilipwa. Wote kwa kodi, na yangu imo. Kwa hiyo mtu asije hapa kuniambia tuwe na subira kwa sababu serikali inatusaidia kadiri inavyoweza. Sijaomba msaada. Nadai jengo nililochangia kulijenga.

Hili neno "bajeti haitoshi" limegeuzwa kichaka cha kujifichia, na kisheria halina miguu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika 2008, na nchi zaidi ya 180 zimeuridhia. Ibara ya 9 inataka majengo, barabara, usafiri na taarifa vifikike. Mwaka 2014 kamati inayosimamia mkataba huo ikatoa ufafanuzi, na haikumung'unya maneno: wajibu huu hauna masharti, na mwenye kuwajibika hawezi kujitetea kwa kusema ni mzigo. Kipya chochote kinachojengwa lazima kifikike tangu mwanzo. Cha zamani kinaweza kurekebishwa hatua kwa hatua, lakini kwa mpango wenye muda maalumu na fedha iliyotengwa. Waheshimiwa wameshika hayo maneno "hatua kwa hatua" na kuitupa sehemu ya muda na fedha.

Nataka nieleze jambo la kifundi hapa, maana ndipo fedha zinapopotelea. Kipimo cha njia ya mteremko kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Baraza lenye kimo cha sentimita 45 linahitaji mteremko wa mita 5.4, pamoja na sehemu tambarare juu na chini ya kugeuzia kiti, na vishikio pembeni. Mkandarasi akiwekewa hilo kwenye zabuni tangu siku ya kwanza, anapanga kiwanja vizuri, pengine anashusha baraza lenyewe, na gharama inamezwa ndani ya mradi. Lisipowekwa, jengo linaisha, wageni wa ufunguzi wanakaribia, ndipo mtu anakumbuka. Nafasi haipo tena. Linamwagwa zege fupi lililosimama wima, ambalo ukilipanda peke yako kiti kinakurudisha kinyumenyume. Kwenye taarifa ya utekelezaji wanaandika "jengo ni rafiki kwa watu wenye ulemavu". Huo ni uongo uliolipiwa, na mkaguzi wa hesabu anaupitisha kwa sababu anachokagua ni risiti, mteremko hapimi.

Na jamani, tusidhani ufikivu ni mteremko tu. Kiziwi akienda zahanati, nani anamweleza dozi? Mkalimani wa lugha ya alama anatakiwa awe kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, au kwenye mkataba, analipwa kila mwezi. Asiyeona anataka tangazo la kodi kwa nukta nundu au kwa sauti. Vigae vya nundu vya kuongoza fimbo nyeupe vilibuniwa na Seiichi Miyake wa Japani, vikawekwa barabarani kwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama mwaka 1967. Mpaka leo kuna mainjinia wanaovitandika halafu wanachimbia nguzo ya taa katikati yake. Hakuna fungu la matengenezo, lifti ikifa imekufa, choo chetu kinageuzwa stoo ya mafagio.

Wanaosema serikali za mitaa haziwezi, waangalie Sacramento, California. Jiji lile lilibisha mahakamani kwamba njia za waenda kwa miguu si huduma ya jiji kwa maana ya sheria ya walemavu ya Marekani ya mwaka 1990. Mahakama ya rufaa ikalikatalia mwaka 2002. Katika makubaliano yaliyofuata, jiji lilijifunga kutenga asilimia 20 ya mfuko wake wa usafiri kila mwaka, kwa muda unaofika miaka 30, kwa ajili ya kurekebisha njia hizo. Los Angeles nayo, baada ya kushtakiwa, ilikubali kutumia zaidi ya dola bilioni 1.3 kwa miaka 30. Na hayo yamefanyika ilhali Marekani yenyewe haijauridhia ule mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ninachokiona hapo ni asilimia, jina la mfuko na idadi ya miaka, vitu ambavyo mtu anaweza kuvidai mahakamani. Sisi tunapewa "tutaangalia mwakani".

Najua watakuja wa kusema sisi ni wachache. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2022: watu bilioni 1.3, yaani mtu 1 kati ya 6. Hao ni wapiga kura na walipa kodi, na hata wangekuwa wachache, haki haihesabiwi kwa vichwa.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kuitwa baada ya mambo kuisha. Ibara ya 4 ya mkataba inataka tushirikishwe kwa karibu katika maamuzi yanayotuhusu. Sisi tunaalikwa kusikiliza bajeti ikisomwa, tena kwenye ukumbi wa ghorofani.

Kwa hiyo madiwani mnaosoma hapa, nataka kasma, yaani fungu la bajeti, inayojitegemea, yenye jina letu na tarakimu, isiyochanganywa na sherehe. Nataka hakuna mradi unaolipwa malipo ya mwisho kabla mtu mwenye ulemavu hajauingia, akaupima na kutia saini. Na fedha ya matengenezo iandikwe hapohapo. Wengine mliomo humu, makisio ya halmashauri ni nyaraka ya umma. Yaombeni, tafuteni mstari wetu, mlinganishe na mstari wa posho za vikao, halafu wekeni hapa chini mlichokikuta.