Ukisoma kimyakimya, nani anayakata maneno kichwani?

MtuWaWete: Assalamu alaykum jamani. Jana mama kaniandikia "mpe mtoto wa jirani aliyekuja juzi ule mkungu wa ndizi". Mie nkasoma mara moja, mdomo sikufungua, nkamtafuta yule kijana aliyekuja kutusalimia juzi nkampa, kumbe mama anakusudia jirani mpya aliyehamia juzi, mkungu ushakwenda nyumba siyo na nimesemwa mpaka Isha. Kinachonishangaza sikuona hata kama pana maana mbili!

MkaaBaraza: Waalaykum salaam. Ni sauti yako mwenyewe yakhe. Hata ukisoma kimya, ndani mna kisauti kinapanda, kinashuka, kinapumua. Janet Fodor, mtu wa isimu aliyesomesha Marekani, alilisema hili, kuwa msomaji anaitia sentensi kiimbo chake na pale anapopumua ndo maana inapokatika. Jisomee: "mtoto wa jirani... aliyekuja juzi". Haya sasa, "mtoto... wa jirani aliyekuja juzi". Umesikia?

Chuoni_kwetu: Sie hili tumelipatia bakora tungali wadogo. Kwenye Qur'ani, simama kwenye "fawaylun lil-musallin" (ole wao wanaosali) usiendelee, ushawatangazia adhabu wanaosali wote 😅 ndo maana msahafu una alama za waqfu, za kukuonyesha pa kusimama.

Binti_Mkunazini: Bahati mbaya tu mtoto na jirani wote wanachukua a-. Ingekuwa "gari la jirani lililokuja juzi" wala usingepotea, lile li- linalifata gari lake mbio.

dkt_wa_mtaani: Na jicho haliteremki mstari kama maji, linaruka, linatua kama robo sekunde, linaruka tena. Kichwa hakiwezi kushika maneno mengi yamening'inia kwa hivo hakingoji nukta, kinafunga fungu palepale kwa lile lililokuja mwanzo, na wewe yule kijana ulishamuona kwa macho yako. Halafu koma si pambo, Wajerumani walipima umeme wa ubongo, watu wanasoma kimya, wakifika kwenye koma linatokea wimbi linalofanana na la mtu anayesikia msemaji kapumua.

MtuWaWete: Basi ntamwambia mama atie koma.

Binti_Mkunazini: Utaitia wapi kaka? Ukiiweka kabla ya "aliyekuja" ndo ushamrudia yuleyule kijana. Mwambie aandike "jirani mpya", kwisha.

MtuWaWete: Wallahi kweli. Na ndizi zishaliwa.